Je, wajua? Ile miduara kwenye gari jeusi siyo miduara kabisa

Ukiwa na gari jeusi, au bluu iliyokolea, au ile kijivu ya giza, hili unalijua. Kivulini gari linapendeza kweli, afu ukilitoa juani saa saba mchana unaona boneti nzima imejaa mistari myembamba inayozunguka, duara ndani ya duara, na katikati yake jua linang'aa. Wengi wakiona hivyo wanasema moja kwa moja kwamba aliyeosha alikuwa anasugua kwa kuzungusha mkono, na ushauri unaofuata ni sugua kwa mstari ulionyooka. Huo ushauri una faida yake ndogo, ila siyo kwa sababu wanayoifikiria.

Chukua tochi usiku, hata ya simu, mulika boneti afu isogeze taratibu kushoto kulia. Miduara inahama na tochi! Ingekuwa imechorwa kwenye rangi si ingebaki palepale? Kilichopo kwenye rangi ni mikwaruzo midogo mingi sana iliyolala kila upande, mingine wima, mingine mlalo, mingine mshazari, na kila mmoja ni kamfereji kadogo kenye kuta mbili, na kuta hizo zinarusha mwanga pembeni, siyo kwa urefu wa mkwaruzo. Kwahiyo jicho lako linaiona tu ile iliyokingama na njia ya mwanga, mingine yote inapotea kana kwamba haipo. Sasa ile iliyokingama ukiipanga kuzunguka chanzo cha mwanga unapata duara, ndo hiyo tu. Sufuria iliyosuguliwa kwa stilwuli ukiiweka chini ya taa inafanya hivyohivyo, na hakuna aliyeisugua akizunguka taa.

Kwahiyo mtu anayeosha kwa mistari iliyonyooka hajazuia mkwaruzo wowote. Alichofanya ni kuilaza yote upande mmoja ili ionekane ukisimama pembe fulani na ipotee ukisimama pembe nyingine. Siyo jambo baya, mimi nafanya hivyo pia, lakini tusijidanganye kwamba ndo dawa.

Na kwa nini gari jeupe halisumbuki? Linakwaruzika vilevile. Magari mengi ya siku hizi juu ya rangi yenyewe yana tabaka la klia, halina rangi, linapitisha mwanga, na mikwaruzo yote tunayoiongelea iko humo, siyo kwenye weusi. Rangi nyeupe iliyo chini ya klia inarudisha mwanga mwingi kila upande, yaani kale kamwanga ka mkwaruzo kanamezwa na mwanga wa gari zima. Nyeusi inafyonza karibu mwanga wote, kinachorudi ni ile taswira ya juu tu kama kioo, kwahiyo mwanga wowote uliopotea njia unauona hapohapo. Mwenye gari jeupe asicheke sana basi, na yeye anayo, ila imefichika.

Tuje kwa mkosaji sasa. Watu wanalaumu sponji, wanalaumu sabuni, wakati kinachokwaruza hasa ni vumbi. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni kwazi, madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs (kinapima ugumu wa madini, kuanzia 1 laini kabisa hadi 10 ya almasi), wakati chuma cha kisu cha kawaida kiko kwenye 5 na nusu hivi. Klia ni plastiki. Hapo huhitaji kuambiwa nani atashinda. Sponji na kitambaa ni mkono tu unaoziburuza hizo chembe, na ndo maana kitu kibaya kuliko vyote unachoweza kulifanyia gari la giza ni kulifuta vumbi likiwa kavu, ile ya asubuhi unapita na kitambaa haraka haraka kabla ya kutoka. Brashi za mashine za kuoshea magari nazo hivyohivyo, zimetoka kwenye gari lililokutangulia lenye tope zikaja kwako. Na yule anayeandika "nioshe" kwa kidole kwenye buti lenye vumbi, anapiga msasa. Hilo neno unaweza ukaendelea kulisoma hata baada ya kuosha.

Kabla hujanunua chochote jua kwanza unacheza na unene gani. Rangi yote ya gari la kutoka kiwandani, kuanzia juu ya bati, kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na klia humo ndani ni kama 40 au 50. Unywele wa binadamu ni kama 70. Yaani klia yako ni nyembamba kuliko unywele, na polishi haijazi mkwaruzo, inakula klia ya pembeni mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Kila ukipiga polishi umepunguza, na haiongezeki tena. Afu klia ndo inayoikinga rangi na jua, ikiisha sana utaona juu ya paa na boneti inaanza kuwa na mabaka meupe na kubanduka, na hapo hakuna tena mambo ya polishi, ni kupaka upya.

Ndo maana mwenye bajeti ndogo namwambia hela ya kwanza iende kwenye kuosha. Ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, vitambaa vya maikrofaiba kadhaa, na shampuu ya gari. Kitambaa kinachukua sabuni, kinafuta sehemu ndogo, kinaenda kusuuzwa kwenye ndoo ya pili, ndo kinarudi kwenye sabuni. Ukimaliza angalia chini ya ndoo ya pili utaona mchanga uliotulia pale, huo wote ungekuwa unazunguka juu ya milango yako. Lakini kabla kitambaa hakijagusa gari limwagie maji ya kutosha kutoka juu kwenda chini ili vumbi lililolegea lishuke lenyewe, hii hatua watu wanairuka na ndo kubwa kuliko zote. Anza na paa, malizia chini ya milango na bampa ambako kuna uchafu mkali, na rimu ziwe na kitambaa chake ambacho hakipandi juu hata siku moja. Kitambaa kikianguka chini ndo basi, chukua kingine, usikikung'ute ukaendelea.

Shampuu kazi yake kubwa ni utelezi. Sabuni ya maji ya vyombo haikwaruzi kama watu wanavyosema, shida yake inaondoa waksi, kwahiyo ni nzuri siku ile unayotaka kupiga polishi na siyo nzuri kila wiki. Ya unga ikae mbali, chembe zisipoyeyuka vizuri unajua zitafanya nini.

Kukausha nako kunaharibu. Osha kivulini bati likiwa limepoa, maji yasikaukie juu na kuacha madoa, halafu taulo la maikrofaiba ulilaze juu ya bati ulibonyeze linyonye, usisugue. Hivi vitambaa vifuliwe peke yake, bila ile dawa ya kulainisha nguo maana inaziba nyuzi zake, na ile lebo ya pembeni ikate.

Ukishaweza kuosha ndo uongelee polishi, vinginevyo unalipia klia yako iliwe afu mikwaruzo inarudi baada ya wiki tatu. Kwa mkono inawezekana, ila usitegemee miujiza, utapunguza ile myepesi na gari litarudisha weusi wake, na mkono utauma. Chukua polishi laini, siyo kompaundi kali (ile inayokula klia zaidi), weka kidogo kwenye sponji ya kupakia, fanya sehemu ya kama sentimita 40 kwa 40, kwa mistari inayopandiana, futa, piga tochi uangalie. Jaribu kwanza sehemu moja isiyoonekana sana, ikitosha usiongeze ukali. Kona na mikunjo ya bati ipite juu juu au ifunike na tepu, pale rangi ni nyembamba zaidi. Kitambaa kikianza kutoka na weusi simama! Kama gari ni la zamani lisilo na klia hiyo ni kawaida, kama lina klia basi huenda umeshaimaliza pale. Na rangi ya matte, yaani ile iliyotengenezwa ising'ae, usiipige polishi kabisa, itang'aa kipande kipande na hakuna wa kuirudisha.

Mashine je? Ukipata ya kuazima au mkachanga watu wawili watatu, tafuta ile ambayo pedi inazunguka huku inayumba, siyo ile inayozunguka tu kwa nguvu. Ya pili ni ya fundi mzoefu, inapasha joto haraka, inaunguza kona, na ikishikwa vibaya inaacha alama zinazotembea juani, mbaya kuliko ulizokuwa nazo.

Halafu kuna zile chupa za bei poa zinazoondoa mikwaruzo "dakika moja". Nyingi zina mafuta na vijazio vinavyokaa ndani ya kamfereji na kuficha kuta zake, mwanga haurushwi tena, umefurahi, baada ya kuosha mara chache yote yamerudi. Mimi sizichukii, kama kesho kuna harusi au unataka kupiga picha zinatosha kabisa, na klia yako imebaki nzima. Ila ujue umenunua nini. Ukitaka ukweli futa kipande na pombe ya isopropili iliyochanganywa na maji, kama ni vijazio mikwaruzo itakurudia palepale.

Dizeli na mafuta ya taa yanang'arisha kwa njia hiyohiyo ya kuziba, tofauti yake yananasa vumbi, vumbi unalifuta, kufuta kunakwaruza, unapaka tena. Dawa ya meno ina chembe za kusugua kweli, na kwenye mkwaruzo mmoja mdogo inaweza kusaidia kidogo, ila chembe zake zimetengenezwa kwa ajili ya meno, huwezi kupanga ukali wake, kwa boneti nzima sahau.

Waksi inakuja mwisho. Haizibi mikwaruzo ya maana na haizuii mipya, inafanya uchafu usishike sana, kwahiyo siku ya kuosha unasugua kidogo, na kusugua kidogo ndo tulikuwa tunatafuta muda wote huu.

Na ile mikwaruzo ambayo ukipitisha kucha inanasa, hiyo usiihangaikie na polishi, ni mirefu mno kwenda chini, utamaliza klia kabla hujaifikia. Kama imefika kwenye bati weka rangi ya kugusia ili isile kutu, kama haijafika iache.