Paneli za sola kwenye paa lililolala: shika papi, usishike bati

Mwenye nyumba akinipandisha kukagua paa lake la mabati, jambo la kwanza analouliza ni kama paa litabeba uzito. Jibu huwa fupi. Paneli ya kawaida ya nyumbani ina kilo 20 na kitu, zile kubwa zinakaribia 30, na ukijumlisha na reli zake, yaani mihimili myembamba ya alumini inayobeba paneli, unapata kama kilo 12 hadi 15 kwa kila mita ya mraba. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ikijengwa vizuri haitikisiki kwa mzigo huo. Kama mbao zimeliwa na mchwa au kenchi imepinda, hiyo ni kazi ya seremala kabla ya yangu. Kinachoniweka juu ya paa muda mrefu ni jambo ambalo karibu hakuna anayeuliza: ni nini kitakachozuia paneli isipae?

Tupige hesabu kidogo. Chukua mwendo wa upepo kwa mita kwa sekunde, uzidishe kwa wenyewe, kisha zidisha kwa 0.613, unapata msukumo wake kwa paskali. Upepo wa mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa, unatoa karibu paskali 980, sawa na uzito wa kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Kwenye pembe za paa mvuto wa kwenda juu unaweza kufika mara moja na nusu ya hapo, hata zaidi. Paneli ya mita mbili za mraba inavutwa juu kwa nguvu ya kilo 300, na yenyewe ina kilo 22. Na kwa kuwa mwendo unazidishwa kwa wenyewe, upepo ukiongezeka mara mbili nguvu inakuwa mara nne.

Paa lililolala, lenye mteremko wa nyuzi 5 au 10, lina tabia yake hapa. Paa lenye mteremko mkali hupokea upepo usoni, kwa hiyo upande mmoja hugandamizwa chini. Kwenye paa lililolala upepo hugonga ukuta, hupanda, huruka ukingo na kuachana na bati, na pale ulipoachana nalo panabaki mfyonzo. Karibu paa lote linanyonywa kwenda juu, na kingo na pembe ndizo zinazoumia zaidi. Ndiyo maana sipangi paneli mpaka ukingoni, hata mteja akinionyesha kwamba nafasi ipo na paneli moja zaidi ingeenea. Kanuni za upepo huuhesabu ukanda huo wa hatari kuwa karibu sehemu moja ya kumi ya upande mfupi wa jengo. Nyumba yenye upana wa mita 9 ina ukanda wa sentimita 90 hivi. Nikilazimika kuuingia, naongeza miguu ya reli, ile inayoifunga reli kwenye paa, na kuisogeza karibu karibu.

Sasa fuata nguvu hiyo inakopita. Upepo unavuta paneli, paneli inavuta klempu (kibano kinachoishika kwenye reli), klempu inavuta reli, reli inavuta mguu, mguu unavuta skrubu, skrubu inavuta papi (zile mbao zilizolala juu ya kenchi na kubeba bati), papi inavuta kenchi, na kenchi inavuta ukuta. Bati halimo kwenye mnyororo huo, na halitakiwi kuwamo. Bati nyingi za nyumba zina unene wa chini ya nusu milimita. Skrubu iliyoshika bati peke yake imeshikwa na uzi mmoja tu wa skrubu. Vipo vishikizo vifupi vinavyofungwa kwenye bati tupu kwa skrubu kadhaa, na mtengenezaji hutaja unene wa chini wa bati unaokubalika. Kwenye bati nene vinafanya kazi. Kwenye bati jembamba sivitumii, hata kama vinaokoa nusu siku ya kazi.

Papi unazipata kwa kufuata mstari wa misumari ya bati. Lakini usiuamini mstari huo peke yake. Ingia darini na tochi. Huko ndiko unakoona papi zilizopasuka, na ndiko unakoona kiungo ambacho mafundi wengi wa umeme hawakiangalii: papi imeshikwaje na kenchi? Mara nyingi ni msumari mmoja uliopigwa wima. Msumari wa namna hiyo hubeba uzito wa kukandamiza bila taabu, lakini ukivutwa juu mara kwa mara hung'oka kidogo kidogo. Kabla ya reli ya kwanza kupanda, viungo vilivyo chini ya paneli navifunga kwa mikanda ya chuma au skrubu ndefu. Miguu pia naipanga kwa kupishana, ili mvuto wote usiangukie kenchi moja.

Kutoboa kwenyewe kunataka mkono mwepesi. Natoboa juu ya mgongo wa bati, siyo kwenye bonde. Kwenye mteremko mdogo maji hayana haraka, na mvua kubwa ikikutana na majani yaliyoziba, bonde linaweza kujaa maji na tundu likabaki limezama. Drili ikipenya bati inaruka kidogo, halafu inatulia na kuanza kutoa unga wa mbao. Ikitumbukia bila unga, umeikosa papi. Ziba tundu hilo vizuri na upime upya. Usiipindishe skrubu ikaitafute mbao kwa pembeni. Tundu la kutangulia liwe jembamba kuliko skrubu, na skrubu ipite katikati ya papi, kwani ikikaribia ukingo itaipasua.

Halafu raba. Washa ya raba ya EPDM, kile kipete cheusi cha chini ya kichwa cha skrubu kinachovumilia jua, ikazwe mpaka uone imevimba kidogo na kuchungulia kwenye ukingo wa washa ya chuma, kisha simama. Ukizidisha, raba inachanika au mgongo wa bati unabonyea na kuwa kisahani cha maji kuzunguka skrubu, na kuvuja kutaanzia hapo hapo. Ukikaza kidogo mno, maji yanapita siku ya kwanza, na hilo ni afadhali kwa sababu utaliona mapema. Silikoni ni msaada tu. Isichukue nafasi ya raba. Na ile yenye harufu ya siki ikikauka iache, asidi yake inakula zinki ya bati. Tafuta ile isiyo na asidi.

Kwa bati za mikunjo iliyosimama, zile ambazo misumari yake haionekani, hutoboi kabisa. Klempu inaubana mkunjo, na skrubu zake zinakazwa kwa kipimo cha mtengenezaji kwa spana ya kupimia. Hapo mnyororo unapita kwenye bati kweli, kwa hiyo uliza jinsi bati lenyewe lilivyofungwa kwenye papi.

Kutu nayo huanzishwa na mambo madogo. Vumbi la chuma linalotoka kwenye drili likibaki juu ya bati hufanya madoa ya kutu baada ya umande wa siku chache. Nafagia kwa brashi laini jioni ya siku hiyo hiyo. Bati zenye mchanganyiko wa alumini na zinki siziwekei alama kwa penseli, kwani risasi yake ya grafiti huchochea kuliwa kwa chuma. Kalamu ya wino inatosha. Waya wa shaba wa ethi usiguse bati, na maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba yasipite juu yake. Reli za alumini zenye bolti za chuma kisichoshika kutu zinaelewana vizuri.

Reli nazo hutanuka. Alumini ya mita 6 ikipata tofauti ya nyuzi joto 50 kati ya alfajiri na adhuhuri hurefuka kama milimita 7, karibu mara mbili ya chuma kilicho chini yake. Mstari mrefu naukata vipande vyenye mwanya kati yake, na paneli moja haikai juu ya vipande viwili.

Klempu ziwe pale mtengenezaji alipoonyesha kwenye upande mrefu wa fremu, kwa kawaida kati ya moja ya tano na robo ya urefu kutoka kila mwisho. Paneli nyingi hupimwa kwa paskali 2,400 za kuvutwa juu, na kipimo hicho kinahusu klempu zilizokaa mahali pake. Zikiwa penginepo, namba hiyo haikulindi.

Mwishowe huja ombi la kuziinua paneli kwa miguu ili zilitazame jua vizuri. Karibu na ikweta faida yake ni ndogo. Ukienda mbali kaskazini au kusini inaongezeka, lakini kila paneli iliyoinuliwa huukinga upepo kama tanga, na hesabu ya skrubu inaanza upya. Mimi huzilaza sambamba na bati, nikiacha sentimita 10 hadi 15 chini yake hewa ipite, maana paneli hupoteza karibu asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto la seli zake inayozidi 25. Mteremko ukiwa chini ya nyuzi 10, mvua haioshi vizuri: tope hujikusanya kwenye ukingo wa chini wa fremu na kufunika mstari wa chini wa seli. Kwa hiyo naacha njia ya kutosha kati ya safu, mtu apite na brashi na maji bila kukanyaga paneli.