Je, wajua kwa nini sanamu ya supahiro hunata hata kama haijawahi kuchezewa?

Mtu ananunua sanamu ya Spider-Man na kuiweka kabatini ikiwa bado ndani ya pakiti yake. Mtoto haigusi, jua haliipigi. Miaka inapita, siku moja anaifungua na kukuta mwili wote unanata, vumbi lolote linaloupitia linaganda hapo hapo. Wakusanyaji wengi wa Nairobi wanalijua jambo hili, na kwa kawaida lawama humwendea muuzaji: alitoa feki. Wakati mwingine ni kweli. Lakini hata sanamu halali, iliyotoka kiwanda chenye jina, inaweza kunata, kwa sababu chanzo kimo ndani ya plastiki yenyewe.

Plastiki inayotumika zaidi kwenye sanamu hizi ni PVC. Ikiwa tupu, PVC ni ngumu. Ndiyo inayotengeneza mabomba ya maji yanayouzwa katika kila hadiwea. Ili iwe joho linalopinda au kidole kisichokatika ovyo, kiwanda huichanganya na kilainishi, kimiminika chenye asili ya mafuta kinachoingia katikati ya minyororo mirefu ya plastiki na kuiacha iteleze. Katika plastiki laini sana, kilainishi kinaweza kufika theluthi ya uzito wote na hata kuzidi. Nacho hakijafungamana na PVC kikemia. Kimekaa tu katikati yake, na kwa kuwa hakijafungwa, hutoka.

Sanamu ikiwa mahali penye hewa, kilainishi huvukiza kidogo kidogo na hakuna anayekiona. Ikifungiwa kwenye pakiti isiyopitisha hewa, mvuke ule hauna pa kwenda, hurudi ukatua juu ya mwili na kuwa utando unaonata. Ndiyo maana sanamu ambayo haijafunguliwa tangu kiwandani inaweza kuwa katika hali mbaya kuliko nyenzake iliyokaa wazi kwenye rafu miaka ileile. Najua wakusanyaji wengi hawataki kusikia hili, kwa sababu pakiti iliyofungwa ndiyo yenye bei kubwa. Lakini anayeipenda sanamu kuliko pakiti anafanya vyema kuifungua.

Aliyesoma shule Kenya pengine amewahi kuiona kemia hii bila kuijua. Ukiacha kifutio cha plastiki kimelala juu ya rula ndani ya mkebe wa jometri likizo nzima, unarudi kukuta vimeshikana na rula imelika. Kifutio hicho ni PVC laini. Kilainishi chake kimehamia kwenye rula na kuiyeyusha. Joho laini likiegemea silaha ya plastiki ngumu ndani ya boksi linaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo usirundike sanamu kwenye karatasi moja ya nailoni na kuzifunga kwa mpira. Kila moja iwe na nafasi yake, na ukilazimika kuzifunga, zifunge kwa karatasi ya kawaida isiyo na wino.

Upande wa afya nao una uzito. Vilainishi vya zamani, jamii ya fthaleti, vilizua hofu ya kiafya kwa watoto. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa baadhi yake katika vifaa vya kuchezea, na Marekani ikafuata kwa sheria ya mwaka 2008. Viwanda vikubwa vikahamia vilainishi vingine. Sanamu ya bei ya chini isiyo na jina la mtengenezaji, inayokupiga puani kwa harufu kali ya plastiki ukiifungua tu, haina mtu wa kukuambia imelainishwa kwa kemikali gani na rangi yake ina nini. Mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni asipewe.

Hali ya hewa ya Nairobi inazitendea sanamu mambo mawili yanayopingana. Joto huharakisha kutoka kwa kilainishi, kwa hiyo baridi ya hapa ni neema: mkusanyaji wa Nairobi atapata shida ya kunata kwa uchache kuliko mwenzake wa Mombasa. Jua ni habari nyingine. Jiji liko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na kila unapopanda mita 1,000 miale ya urujuanimno (UV) huongezeka kwa karibu asilimia 10. Miale hiyo huvunja rangi na plastiki pamoja. Usidanganyike na kioo cha dirisha, kwani kinazuia sehemu tu ya miale na kuiachia nyingine ipite. Nyekundu hufifia, nyeupe huwa ya njano. Sanamu inayowekwa kwenye dashibodi ya matatu kama pambo hupata adhabu zote mbili, mwanga na joto la gari lililoegeshwa juani. Sijui mahali pabaya zaidi pa kuiweka.

Kugeuka njano hasa ni ugonjwa wa plastiki ya pili, ABS. Hii ni ngumu na ina mng'ao. Ndiyo ambayo matofali ya Lego yamekuwa yakitengenezwa kwayo tangu mwaka 1963. Ugumu wake usiovunjika kirahisi unatokana na chembe za mpira zilizochanganywa ndani, na chembe hizo ndizo miale ya jua hushambulia kwanza. Plastiki inageuka njano, kisha inakuwa kavu na rahisi kuvunjika. Sanamu moja nzuri huwa na plastiki hizi zote mbili: PVC kwenye sura, joho na misuli inayohitaji kuchongwa kwa undani, ABS kwenye sehemu zinazobeba uzito au zinazokaza. Zinapokutana ni kwenye viungo, na hapo ndipo ubora wa kweli hupimwa.

Tangu Hasbro walipotoa mwanajeshi wao G.I. Joe mwaka 1964, akiwa na urefu wa kama sentimita 30 na sehemu 21 zinazosogea, watengenezaji wamekuwa wakishindania viungo. Mwaka 1984 Kenner walitoa mashujaa wa DC, kampuni ya Superman na Batman, baadhi yao wakirusha ngumi ukiwabana miguu, kwa mtambo mdogo uliofichwa mwilini. Toy Biz walipoanzisha mfululizo wa sanamu za Marvel Legends mwaka 2002, kwa kimo cha kama sentimita 15, wakaja na viungo vingi kiasi kwamba hata vidole vya baadhi ya sanamu vilijikunja. Tangu hapo wanunuzi wamezoea kuhesabu viungo, na mimi naamini hicho ni kipimo kibovu. Kila kiungo ni mahali ambapo plastiki imekatwa na kuunganishwa tena. Ningependa viungo kumi na vitano vinavyoshika kuliko thelathini vinavyoyumba.

Kiungo kinatakiwa kufanya kazi mbili zinazogombana: kisogee ukikishika, kitulie ukikiachia. Msuguano ndio unaoamua. Ukizidi, pini inapindishwa mpaka ikatike. Ukipungua, shujaa analala chali kila lori likipita barabarani. Aina mbili ndizo utakazokutana nazo sana. Ya kwanza ni ya pini, inayopita katikati ya kiwiko au goti. Hii ni imara mradi pini iwe nene na ya plastiki ngumu. Ya pili ni ya tufe linalokaa ndani ya kikombe, kama begani na shingoni, inayozunguka pande zote lakini hulegea mapema kwa sababu mguso wote ni wa kusuguana. Kwenye nyonga na magoti baadhi ya viwanda hutumia viungo vya meno, vinavyolia tik tik ukivisogeza. Mkao wake si laini, lakini kwa sanamu nzito kama Hulk ndivyo vinavyodumu.

Miguu mingi haivunjwi na mchezo bali na rangi. Kiwandani rangi hupuliziwa juu ya kiungo, inakauka, na kiungo kinagandishwa. Mwenye sanamu anakizungusha kwa nguvu siku ya kwanza, pini inabaki ndani na mguu unabaki mkononi mwake. Asubuhi za Julai hatari huwa kubwa zaidi, maana PVC ikipoa inakakamaa. Dawa ni maji ya moto, yasiwe yanayochemka. Tumbukiza kiungo kwa dakika moja hivi, kisha kisogeze taratibu huku na huku mpaka kiachie. Njia hiyohiyo hunyoosha upanga uliopinda au miguu iliyokunjamana kwa kubanwa ndani ya boksi: ipashe moto, inyooshe, halafu itie kwenye maji baridi ili ibaki hivyo.

Sasa twende sokoni. Nairobi sanamu hizi zinapatikana katika maduka makubwa ya Westlands, katika vibanda vya katikati ya jiji, na zilizotumika hupatikana kwenye mitumba ya Toi na Gikomba, zikiwa zimechanganyika na magari yasiyo na magurudumu. Muuzaji atakuambia, "Hii ni orijino, mkubwa." Mshukuru, kisha uiangalie mwenyewe.

Igeuze kwanza. Sanamu halali huwa na maandishi madogo ya mtengenezaji na mwaka, yaliyochongwa chini ya unyayo, mgongoni au nyuma ya paja. Mwaka huo mara nyingi ni wa hakimiliki, kwa hiyo usiuchukue kuwa siku ya kuzaliwa ya sanamu. Nakala nyingi za bandia hazina kitu hapo, au maandishi yamefifia kwa sababu kalibu yao ilitengenezwa kwa kunakili sanamu nyingine. Plastiki husinyaa inapopoa, kwa hiyo nakala ya namna hiyo hutoka ndogo kidogo kuliko ile ya asili. Ukiwa na halali nyumbani, zisimamishe bega kwa bega na utaona.

Kisha tazama pini kwa karibu, hasa kwenye magoti na vifundo vya miguu. Ukiona weupe kama mkwaruzo kwenye plastiki ya rangi, hiyo ni alama kwamba plastiki imevutwa kupita uwezo wake. Haijakatika leo, lakini haina safari ndefu. Sehemu zinazopitisha mwanga, zile zinazotengenezwa kufanana na moto au barafu, zitilie shaka zaidi, kwani plastiki angavu mara nyingi ni ngumu bila kuwa na unyumbufu. Kagua pia rangi ya kiungo. Ikiwa kiwiko kimetengenezwa kwa plastiki nyeusi na kupakwa buluu juu, ukikikunja mara kadhaa weusi utachungulia. Plastiki iliyotiwa rangi tangu ndani haina shida hiyo, na kwangu hiyo ni alama bora ya kiwanda kinachojali kuliko macho yaliyochorwa vizuri.

Ghali si lazima idumu. Sanamu kubwa za kiasi cha sentimita 30, kama za Hot Toys wa Hong Kong, huvaa nguo halisi zilizoshonwa, na suti zao mara nyingi ni za ngozi bandia ya poliyurethani. Unyevu wa hewa huivunja ngozi hiyo polepole, ikabanduka magamba sawa na jaketi la mtumba linaloonekana jipya siku unalinunua na kumwaga vipande vyeusi msimu wa mvua ukifika. Mwenye sanamu ya aina hiyo aiweke mahali pakavu, asiikunje viungo kwa mkao mkali kwa miezi, na asiipake mafuta ya ngozi halisi, kwa kuwa hayaingii wala hayasaidii.

Ile inayonata, ambayo tulianza nayo, husafishika. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, mswaki laini kwenye mikunjo, suuza, ikaushe kivulini. Ikinata tena baada ya miezi, irudie. Kilainishi kilichobaki ndani bado kinatoka. Spiriti na thina ziache, zitaondoka na rangi, na asetoni itayeyusha ABS yenyewe.

Kiungo kilicholegea kinaweza kukazwa kwa tone la gundi nyeupe ya seremala juu ya tufe, liache likauke kabisa kabla ya kulirudisha kikombeni. Usitumie supaglu hapo. Inaingia kwenye nafasi zote na kukigandisha kiungo milele. Pia kuna plastiki ngumu inayoteleza iitwayo POM, ambayo watengenezaji wa Japani hupenda kuitumia kwenye viungo, nayo haishiki gundi za kawaida. Pini ya namna hiyo ikikatika, tafuta keekee nyembamba, au fundi wa simu mwenye nayo, atoboe tundu pande zote mbili zilizovunjika na kuingiza kipande cha waya wa klipu ya karatasi iliyonyooshwa. Waya ukikaa sawasawa, mkono unarudi kubeba ngao, na hapo ulipokatikia hapatakuwa tena pahali dhaifu kuliko pengine.