Tundu kwenye shina halitoshi kukuambia kwa nini mti unakauka

"Mti wangu umeingiliwa na wadudu, nitajie dawa." Naisikia sentensi hiyo mara kwa mara, na karibu kila anayeisema ana picha ya shina lenye matundu mkononi. Chini ya mti hajatazama. Hajajiuliza maji ya mvua yanatuama wapi, wala kifusi kilimwagwa wapi ukuta ulipojengwa. Anachotaka ni kitu cha kupulizia, na akitoka hapo akapulize.

"Wadudu ndio walioua mti." Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayopoteza miti mingi ambayo ingeokolewa. Mara nyingi wadudu wanaopekecha shina hufika mti ukiwa umeshadhoofika. Miti mingi yenye afya hujitetea: buu akianza kutafuna chini ya gome, utomvu humiminika ukamnasa. Mti ulioshindwa na kiu, au ambao mizizi yake imekaa kwenye tope lisilo na hewa, hauna nguvu hiyo. Tena mti ulio taabani hutoa ethanoli, aina ya alkoholi, na kuna mbawakawa wadogo wanaoifuata harufu hiyo mpaka shinani. Ukiwaona, uliza kwanza nini kilitangulia.

Jibu huwa ardhini. Mimi huanza na kijembe kidogo kabla ya kutazama tundu lolote. Fukua taratibu kuzunguka shina mpaka uone pale linapotanuka na kugawanyika kuwa mizizi. Likiingia ardhini limenyooka kama nguzo, limefukiwa. Gome lililofukiwa halikauki. Hulainika na kuwa jeusi, na ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea na kutoa maji. Tazama pia kama kuna mzizi uliojizungusha shinani na kulikaba, hasa kwa mti uliokaa muda mrefu kwenye chungu kabla ya kupandwa. Kisha kwangua gome la kijiti kwa ukucha. Kijani chenye unyevu maana yake ni hai, kahawia kavu maana yake kimekufa. Shuka nacho kuelekea shinani mpaka ukutane na kijani, utajua kilichobaki ni kiasi gani.

Sehemu kubwa ya mizizi inayofyonza maji iko kwenye sentimita 30 hivi za juu za udongo, na husambaa kupita mwisho wa matawi. Kwa hiyo mtaro uliochimbwa kando, au gari linaloegeshwa pale kila siku, huumiza mti hata kama shina halikuguswa. Dalili zinaweza kuchukua miaka kadhaa kuonekana, kileleni kwanza, na kufikia hapo mwenye mti ameshasahau ule mtaro. Lawama zote anabebeshwa mdudu.

Wapo wadudu wanaovamia hata mti wenye afya, na hao sina mzaha nao. Mbawakawa wa kijani wa miti ya Fraxinus (ash kwa Kiingereza), aliyetoka Asia na kutambuliwa Michigan, Marekani, mwaka 2002, ameua miti kwa mamilioni. Mwingine ni yule mbawakawa mdogo aliyeripotiwa Afrika Kusini mwaka 2017, ambaye tundu lake halifiki hata milimita moja. Huyo hali mbao: hupanda kuvu ndani ya shina na kulisha watoto wake, na kuvu hiyo huziba njia za maji za mti. Ukihisi ni mmoja wa hao, wapigie wataalamu wa afya ya mimea wa serikali.

"Nikipulizia matundu, watakufa." Buu yuko chini ya gome, dawa iko juu yake. Na matundu mengi unayoyaona ni milango ya kutokea, mdudu ameshaondoka. Futa unga wa mbao uliopo, urudi baada ya siku moja au mbili. Ukikuta unga mpya, kuna kiumbe ndani. Kwa mabuu wakubwa wachache, waya laini ulioingizwa tunduni hufanya kazi nzuri kuliko chupa nzima ya dawa. Dawa zinazosafiri ndani ya mti zipo, lakini zinategemea njia za maji zilizo hai. Mti uliopoteza zaidi ya nusu ya majani yake usitarajie uzisambaze.

"Paka rangi au lami penye kidonda." Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya miti na kuonyesha kwamba mti huzingira sehemu iliyooza kwa tishu mpya, na kwamba rangi haizuii kuoza. Pogoa vizuri: kata nje kidogo ya uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina, usiukate uvimbe wenyewe.

"Uongezee mti mbolea upate nguvu." Mizizi inayooza haiwezi kuitumia. Acha.

"Matandazo mengi shinani ni mazuri." Yatandaze mapana, unene wa sentimita 5 hadi 10, na yasiguse gome kabisa. Maji nayo mwagilia kwa wingi, mara chache, mbali na shina.

"Nimeukata, kwa hiyo wamekwisha." Mabuu huendelea kukua ndani ya magogo na kutoka wakiwa wazima miezi kadhaa baadaye. Zisage mbao ziwe vipande vidogo papo hapo, na usimpe jirani kuni hizo akazihamishie kwake.