Kizio cha hasi kumi: namba nzima bila alama ya hasi

Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa ni kama mita 1,470. Maana yake sakafu ya ziwa inashuka hadi −697. Kwa sisi wa Kigoma huu ni mfano mzuri wa kuanzia, kwa sababu katika kizio cha hasi 10, yaani mfumo wa kuandika namba unaojengwa juu ya −10 badala ya 10, namba zote mbili, 773 na −697, huandikwa bila alama yoyote: 833 na 1303.

Tarakimu ni zilezile, 0 hadi 9. Kinachobadilika ni thamani ya nafasi. Kutoka kulia ni 1, −10, 100, −1,000, 10,000, chanya na hasi zikipokezana. Basi 833 ni 800 − 30 + 3, na 1303 ni −1,000 + 300 + 3. Ukiacha sifuri, tarakimu zikiwa witiri kwa idadi namba ni chanya. Zikiwa shufwa ni hasi. Tarakimu mbili hubeba −90 hadi −1, tatu hubeba 10 hadi 909. Kila namba nzima ina maandishi yake, tena ya aina moja tu. Mfumo huu Vittorio Grünwald wa Italia aliuchapisha mwaka 1885.

Kubadili namba ni kugawanya kwa −10 mfululizo. Tuchukue 1914, mwaka ambao Reli ya Kati ilifika Kigoma kutoka Tabora:

1914 = −10 × (−191) + 4
−191 = −10 × 20 + 9
20 = −10 × (−2) + 0
−2 = −10 × 1 + 8
1 = −10 × 0 + 1

Soma mabaki kutoka chini kwenda juu: 18094. Hakiki: 10,000 − 8,000 − 90 + 4 = 1914.

Wengi hukwama mstari wa pili. Wanaandika jawabu 19, baki −1, na tarakimu hasi hairuhusiwi. Dawa yake: baki likiwa hasi, liongezee 10, na jawabu uliongezee 1. Wanaoandika programu wawe makini zaidi, maana lugha ya Python hutoa baki hasi hata kwenye mstari wa kwanza: jawabu −192, baki −6. Dawa ni ileile.

Sasa uhondo wenyewe. Jumlisha tarakimu za 18094: 1 + 8 + 0 + 9 + 4 = 22. Jumla hiyo inagawanyika kwa 11, na kweli 1914 = 11 × 174. Sababu ni kwamba −10 ni 11 × (−1) + 1, yaani ukiigawanya kwa 11 inabaki 1. Hivyo kila nafasi, iwe 100 au −1,000, nayo hubakiza 1, na tarakimu hubaki kama zilivyo. Kanuni tuliyoizoea kwa 9 imehamia kwa 11. Ile ya 11, ya kujumlisha na kutoa kwa kupokezana, imehamia kwa 9: 4 − 9 + 0 − 8 + 1 = −12, ambayo haigawanyiki kwa 9, basi 1914 nayo haigawanyiki.

Katika kujumlisha, safu ikifika 10 unapeleka −1 kushoto, si 1. Safu ikibaki na −1, andika 9 na upeleke 1 mbele. Ndiyo maana 5 + 7 ni 192.