Mbwa mzee haondoki ili akafie mbali

Mbwa wangu Bosi alipotoweka, alfajiri moja ya Februari, jirani zangu wa Sahare, hapa Tanga, walinipa pole kama niliyefiwa. "Usijisumbue, dada. Mbwa akizeeka huzijua siku zake. Huondoka mwenyewe akafie mbali, asiwatie watu uchungu." Waliyasema kwa huruma na mimi nikayaamini. Siku nzima nilikaa barazani badala ya kutafuta, na siku hiyo naijutia hadi leo.

Mbwa haagi. Ni kweli kwamba anayeumwa hutafuta kivuli na kimya akajilaze. Lakini mbwa mzee anayetoka nyumbani, mara nyingi amepotea tu, kama bibi aliyesahau njia ya kwake. Ubongo wake huchakaa kwa namna inayokaribiana na ya binadamu: huchanganya usiku na mchana, husimama akiukodolea macho ukuta, huingia konani akashindwa kurudi nyuma. Bosi ana miaka 14. Wiki kadhaa kabla ya kupotea alikuwa ameanza kungoja mlango ufunguliwe upande wa bawaba, pua imegusa mbao, mkia unatikisika. Sisi tukacheka, tukasema uzee. Kumbe ile ilikuwa dalili, na geti likabaki wazi usiku.

Siku ya pili nilipoanza kutafuta, nikatafuta vibaya. Vijana wa bodaboda walisema ameonekana Kange, mwingine akasema Pongwe, nami nikapanda pikipiki nikawafuata. Nadhani sisi watu wa Tanga tumeharibiwa na ile hadithi ya mbwa aliyeingia mapango ya Amboni akaenda kutokea upande wa Kilimanjaro. Inasimuliwa kwa kila mgeni, lakini njia hiyo haijapata kuonekana. Mbwa mwenye nyonga zinazouma hata Kange hafiki. Huenda hatua chache, hukwama, hulala. Anza na nyumba za jirani: chini ya gari bovu, nyuma ya tangi la maji, kwenye msingi wa nyumba isiyomalizika, mtaroni, ndani ya michongoma. Na usiridhike mtu akikujibu "hayupo" huku amekaa kibarazani. Omba ruhusa uiname uangalie mwenyewe.

Wengine waliniambia niite kwa nguvu, atakuja tu. Niliita hadi sauti ikakauka. Mbwa wengi wazee wamepungukiwa kusikia, na hata anayesikia kidogo hushindwa kujua sauti inatoka upande gani, akazidi kwenda huko siko. Tena akikwama huenda asibweke kabisa. Kwa hiyo ukimya wake usikukatishe tamaa. Pua ndiyo huchelewa kuchakaa, hivyo nililaza kanga niliyoivaa siku mbili pale getini. Kilichosaidia zaidi ni tochi. Usiku macho ya mbwa hurudisha mwanga, lakini mng'ao huo utauona vizuri ukiishika tochi usawa wa macho yako na kumulika chini chini. Ukiishika kiunoni unaweza kumpita. Mchana wa Tanga, joto na unyevu ule, hujibanza kivulini asitikisike, kwa hiyo alfajiri na usiku ndiyo saa zenyewe.

Lililonitia hofu zaidi ni neno kichaa. Mbwa mzee anayepepesuka, kichwa kimeinama upande, wengi huona kichaa cha mbwa na mkono unakwenda kwenye jiwe. Mara nyingi ni sikio la ndani au uzee. Lakini sitamdanganya mtu: kwa kumtazama tu huwezi kujua, na ugonjwa wenyewe ukishaonyesha dalili hauna tiba. Usimshike kwa mikono mitupu, wala usimpige. Wazuie watoto, mwite mwenyewe au daktari wa mifugo. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Picha ya Bosi niliyosambaza niliiambatanisha na cheti chake cha chanjo, nikaandika: mzee, hasikii, ana kola nyekundu. Watu waliacha kuogopa.

Kuna waliosema Mwislamu hawezi kumshughulikia mbwa. Mimi ni Mwislamu, na Bosi alichukuliwa na marehemu baba alinde mbuzi, jambo ambalo dini inaliruhusu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mate na unyevu wa mbwa ni najisi, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kikavu kikigusa kikavu hakuna najisi. Na ipo hadithi sahihi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Ustadhi wa madrasa ya mtaani aliwasimulia watoto kisa hicho baada ya Magharibi, na usiku ule nilipata watafutaji kumi na moja.

Mmoja wao ndiye aliyelala kifudifudi kwenye mtaro, akamulika ndani ya karavati, akaona nukta mbili za kijani. Bosi alikuwa hatua 62 kutoka getini kwetu. Nilizihesabu nikimrudisha, nimemfunga kwa gunia, moyo wake unadunda kwenye mkono wangu.

Jirani alikuja na diklofenaki ya kumtuliza maumivu. Usimpe mbwa dawa hiyo, wala ibuprofeni. Humtoboa tumbo na kumuua figo. Tulimpa maji kidogo kidogo, tukamlowesha, na asubuhi daktari akamwona.

Sasa analala na kengele ya mbuzi shingoni. Ikilia saa nane usiku, naamka nakaa naye uani mpaka atulie.