Monita za masikioni za bei nafuu: madai ya dukani na ukweli wake

Ukiingia duka la vifaa vya simu kwenye Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, uulizie monita za masikioni, muuzaji hatakueleza mengi. Atazichomeka kwenye simu yake, apandishe sauti hadi mwisho, akuwekee wimbo wenye besi nzito, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha akuulize, "Umeskia hiyo besi?" Na kwa kuwa kuna wateja wengine wanasubiri nyuma yako, utasema ndiyo.

Hizi ni zile zinazozama ndani ya tundu la sikio, waya ukipitishwa juu ya sikio na kushukia nyuma. Zilianza kama kifaa cha wanamuziki wa jukwaani, ili mtu ajisikie bila kushindana na spika kubwa. Sasa viwanda vya China vinazitoa kwa bei ambayo hata mwanafunzi wa Maseno anaweza kuikusanya. Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero zilitoka mwaka 2022, kila moja kama dola 20, yaani chini ya shilingi 3,000 bila gharama za kuziagiza. Ni bidhaa nzuri kwa pesa hizo, ila maneno yanayozizunguka ni mengi mno.

"Hizi hazina besi."

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na mara nyingi monita haina kosa. Sauti nzito huhitaji tundu la sikio lizibwe sawasawa. Pakiwa na upenyo mdogo tu kando ya kipira, yaani kile kifuniko laini cha silikoni au sponji kinachoingia sikioni, besi ndiyo hutoroka kwanza, sauti kali zikabaki, nawe ukasikia muziki mwembamba unaochoma. Jaribu hivi: wimbo ukiendelea, sukuma monita ndani taratibu kwa kidole. Besi ikijaa ghafla, tatizo ni kipira. Ndiyo maana kwenye boksi kuna vingine vya ukubwa tofauti, vile ambavyo watu huvitupa pamoja na karatasi za maelekezo. Usishangae sikio la kushoto likataka kipira cha wastani na la kulia likataka kikubwa. Masikio ya mtu mmoja hayalingani kila mara.

Namna ya kuvaa nayo ina kanuni zake. Kwa mkono wa upande wa pili, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, kisha ingiza ukizungusha. Ukitumia vipira vya sponji, kifinye kwanza, kiingize, ukishikilie mpaka kivimbe. Ukisikia mlio mdogo wa kukwaruza unaposukuma, hiyo ni hewa inayobonyeza utando wa spika. Monita haijavunjika. Angalia pia kitundu kidogo cha hewa kwenye ganda, maana kikizibwa na uchafu, besi hubadilika, na watu hudhani spika imekufa.

"Inayolia kwa nguvu ndiyo bora."

Sikio letu lina udhaifu huu: sauti ikipanda, hata kidogo, besi na sauti kali huonekana kujaa zaidi, na tunaita huo ni ubora. Monita mbili zikichomekwa kwenye simu moja bila kugusa kitufe cha sauti, mara nyingi moja italia zaidi kwa sababu tu haihitaji umeme mwingi. Muuzaji anayetaka kukuuzia hiyo hahitaji hata kusema uongo. Kabla ya kulinganisha, weka mtangazaji wa redio anayezungumza, rekebisha sauti mpaka maneno yake yasikike sawa kwenye zote mbili, ndipo uweke muziki.

Na muziki gani? Mimi sina imani na nyimbo za majaribio zinazosifiwa huko nje. Chukua rekodi nzuri ya nyatiti. Ina nyuzi 8, na mpigaji huvaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole cha mguu na kuigonga kwenye ukingo wa ala, huku njuga za gara zikilia mguuni. Hapo una sauti ya waya, ya chuma, ya njuga na ya mtu anayeimba, zote kwa wakati mmoja. Monita mbaya huigeuza gara kuwa mvumo wa "shhh" usio na punje. Iliyotiwa ukali kupita kiasi hufanya kila mgongano wa chuma ukudunge, na baada ya nyimbo mbili utaitoa sikioni bila kujua kwa nini. Iliyotiwa besi kupita kiasi humsukuma mwimbaji nyuma ya ala yake mwenyewe.

Kisha weka benga. Besi ya benga haiungurumi tu, inazungumza na gitaa la kuongoza. Kama huwezi kuimba mstari wa besi baada ya kuusikiliza, monita yako ina kishindo lakini haina noti. Waluhya watanikumbusha isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014, na wana haki. Kuna ngoma kubwa, ya kati na ndogo, na ukishindwa kuzitofautisha tatu hizo, rudisha monita dukani.

"Spika nyingi ndani, sauti bora."

Kampuni ya Etymotic ya Marekani ilitoa monita ya ER-4 mwaka 1991 ikiwa na spika moja tu kila upande, na kwa miaka mingi wahandisi waliitumia kama kipimo cha kupimia nyingine. Spika tano zisizopangwa vizuri huzozana zenyewe kwa zenyewe. Uliza imerekebishwaje, idadi iache kwenye boksi.

"Inafika Hz 40,000."

Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Masikio ya binadamu kijana husikia takriban Hz 20 hadi 20,000, na kikomo cha juu hushuka kadiri umri unavyosonga. Hizo nyingine ni za popo.

"Utazoea tu, zipigie saa mia kwanza."

Maneno haya hutumika kwa mambo mawili, sauti na maumivu. Kwa sauti, spika hubadilika kidogo mno. Kinachobadilika sana ni masikio yako yanayozoea. Ikiwa muda wa kurudisha bidhaa ni siku saba, ushauri wa kungoja saa mia unamfaa muuzaji kuliko mnunuzi.

Kwa maumivu, usikubali kabisa. Mahali panapouma pataeleza kosa. Maumivu ndani ya tundu: kipira ni kikubwa au shingo ya monita ni nene, jaribu kipira kidogo. Kwenye bakuli la sikio: ukingo wa ganda unagusa gegedu, na hapo hakuna kipira kitakachokuokoa, kwani umbo hilo halikufai. Juu ya sikio: waya umekazwa mno. Mengi ya haya hayajitokezi dukani. Hujitokeza baada ya nusu saa au saa nzima, kwa hiyo kipimo cha kweli ni safari, tuseme Kisumu hadi Busia, ukitafuna njugu, ukigeuza shingo, ukijibu kondakta.

Joto la Kisumu nalo lina usemi wake. Jasho huvifanya vipira vya silikoni viteleze, na sponji hulinyonya ikachakaa upesi. Vitoe vya silikoni, vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Upande mmoja ukianza kusikika kwa mbali, kagua wavu wa mdomoni mwa monita: nta ya sikio imeua monita chache kuliko idadi inayotupwa kwa sababu yake. Na ukisikia hatua zako zikigonga kichwani unapotembea, hiyo si hitilafu. Sikio lolote lililozibwa hufanya hivyo.

"Za bei rahisi zinaharibu masikio."

Bei haihusiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Monita inayoziba vizuri huzuia kelele za matatu, hivyo huna haja ya kupandisha sauti. Wanaojiumiza ni wanaovaa kipira kilicholegea kisha wakashindana na spika za gari, na wale wapigaji wa bendi za kanisani wanaotoa upande mmoja ili wasikie waumini, halafu wanaongeza sauti upande uliobaki.

Kwa mwenye simu isiyo na tundu la waya, beba simu yako na adapta yako unapoenda kununua. Adapta nzuri ya tundu la chaji ina kijisaketi kinachogeuza data kuwa sauti. Kuna za bei rahisi zisizo nacho, ambazo hufanya kazi kwenye simu fulani na kunyamaza kabisa kwenye nyingine, nawe ukaenda kumgombeza muuzaji kuhusu monita nzima.