Taarifa ya Mwananchi Huenda Wapi Baada ya Kutumwa?

Halmashauri inapoamua kuwasikiliza wananchi kupitia tovuti, mara nyingi huanza na fomu: nafasi ya jina, nafasi ya namba ya simu, nafasi ya malalamiko na kitufe cha kutuma. Kazi yangu ni kujenga na kukagua mifumo ya aina hii, na fomu huwa naitazama mwisho. Ninachotaka kujua kwanza ni njia ambayo taarifa hupitia ikishatumwa: inamfikia nani, mtu huyo ana uwezo wa kufanya nini, na aliyeituma, pamoja na jirani yake ambaye hakuituma, watajuaje kilichofanyika.

Mfano ninaoupenda kufundishia ni FixMyStreet, tovuti iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2007 na shirika la mySociety. Mwananchi huonyesha kwenye ramani mahali penye shimo, taa iliyozimika au takataka zilizotupwa ovyo, huandika maelezo mafupi, na tovuti hutambua yenyewe halmashauri inayohusika. Ugumu wote umejificha katika hatua hiyo ya mwisho. Katika maeneo kadhaa ya England serikali za mitaa zina ngazi mbili, ambapo halmashauri ya kaunti hutunza barabara na ile ya wilaya hukusanya takataka za majumbani. Kwa hiyo nukta moja ya ramani huwa na wahusika wawili, na mfumo hauna budi kuisoma mipaka ya kiutawala pamoja na aina ya tatizo ndipo ujue pa kuupeleka ujumbe. Mwananchi hana sababu ya kuujua mgawanyo huo. Tovuti inayomtaka achague idara kabla ya kueleza shida yake imehamishia mtandaoni ule usumbufu wa kuzungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine.

Jambo la pili ninalolithamini katika mfumo huo ni kwamba taarifa huwekwa hadharani. Anayepita mtaa uleule huona kwamba tatizo limekwisha kuripotiwa, na diwani anaweza kulitazama eneo lake lote bila kuomba jalada kwa mtu yeyote. Kisha, baada ya wiki nne, aliyeripoti huulizwa kama tatizo limeshughulikiwa. Swali hilo ni fupi, lakini linampa haki ya kutoa hukumu yule anayeipita barabara hiyo kila siku.

Nasema hivyo kwa sababu neno "imefungwa", linaloandikwa kwenye taarifa inayohesabiwa kuwa imemalizika, limeudhoofisha mfumo zaidi ya mmoja. Kuna kiwango cha wazi kiitwacho Open311, ambacho jina lake linatokana na namba ya simu 311 iliyoanza kutumiwa na jiji la Baltimore, Marekani, mwaka 1996 kwa huduma zisizo za dharura. Kiwango hicho huwezesha programu mbalimbali kupeleka taarifa katika mifumo ya miji kwa lugha moja ya kompyuta, na manufaa yake ni makubwa. Hata hivyo, hali za taarifa zinazotambuliwa humo ni mbili tu, yaani iliyo wazi na iliyofungwa. Taarifa huweza kufungwa kwa sababu shimo limezibwa, au kwa sababu kuna nyingine inayofanana nayo, au kwa sababu barabara si ya halmashauri hiyo, au kwa sababu fedha hazipo. Nafasi ya kueleza sababu imo, ila inaruhusiwa kubaki tupu. Katika mifumo ninayoisimamia ninasisitiza kwamba mtumishi asiweze kufunga taarifa bila kuchagua sababu, na kwamba sababu hiyo isomwe na kila mtu. Mwananchi aliyeambiwa waziwazi kwamba fedha hazipo anaweza kulipeleka suala hilo kwenye kikao cha bajeti. Aliyeambiwa "imefungwa" hana pa kuanzia.

Ramani yenyewe nayo isomwe kwa tahadhari. Mwaka 2012 jiji la Boston lilizindua programu ya Street Bump, iliyotumia vihisi vya simu janja kutambua mitikisiko ya gari barabarani. Wataalamu walionya mapema kwamba data kama hizo zitaelekeza mafundi kwenye mitaa yenye simu nyingi, wakati mitaa ya wazee na ya watu wenye kipato kidogo itaonekana kana kwamba haina mashimo. Ndiyo maana anayepiga simu, anayetuma ujumbe mfupi na anayefika dirishani wanapaswa kuingizwa katika hifadhidata ileile, wakapewa namba ya ufuatiliaji kama wengine, na eneo lisilo na taarifa likatembelewa na mkaguzi.

Msimbo wa FixMyStreet, yaani maandishi ya kompyuta yanayouendesha mfumo, ni huru, kwa hiyo hata halmashauri ndogo inaweza kuutumia bila kununua leseni. Gharama inayosahaulika ni ya utunzaji. Mipaka hubadilishwa, majukumu huhama kutoka idara moja hadi nyingine, na mtumishi aliyekuwa akipokea taarifa za mitaro hustaafu huku barua pepe zikiendelea kwenda kwake. Huwa nashauri taarifa zipelekwe kwenye anwani ya cheo, isiwe ya mtu binafsi, na kwamba mara kwa mara mtu wa ndani atume taarifa ya majaribio kwa kila aina ya tatizo na kuifuatilia mpaka imfikie fundi. Pale inapokwama, itakuwa imeonyesha mahali hasa pa kurekebisha, na mara nyingi marekebisho hayo hayahitaji hata mstari mmoja wa msimbo mpya.